Jicho Lile Lilikuwa Kubwa Namna Gani?



Katika ukurasa huu tumezoea kujibu maswali yanayotoka katika nyumba za waamini: juu ya mahari, juu ya deni, juu ya mali ya marehemu. Safari hii swali limetoka ukutani, pale wanapokaa buibui na wadudu wengine. Tunauliza hivi: je, tuna haki ya kuhukumu kitu ambacho hatujakitazama vizuri? Na yule anayetuonyesha kitu kidogo kwa kukikuza, yeye ana deni gani kwetu?

Msiharakishe kusema kwamba hili ni jambo la watoto. Kwa sababu ya jambo hili mtoto mmoja alitandikiwa mkeka wake nje ya mlango, na mvua ilikuwa inakuja.

Habari yenyewe ni hii. Katika lupango moja huku Lubumbashi anaishi kijana wa miaka 12, yatima wa baba na mama, anayelelewa na mama yake mdogo. Jina lake tunaliacha. Alipewa telefone ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na katika mashine ya DVD iliyokufa akatoa kile kioo kidogo kama punje ya dengu ambacho mwanga hupita ndani yake ili kusoma diski. Akakibandika kwa skochi mbele ya jicho la telefone. Wanaojua kazi hiyo wanasema ni ufundi unaojulikana: kioo kile kikiwekwa pale, telefone inaweza kumsogelea mdudu karibu ya kumgusa, na mdudu anajaa kioo kizima. Kijana akaanza kupiga foto za buibui wa dirishani, mende wa jikoni, inzi, sisimizi, nyigu anayejenga kijumba cha udongo juu ya mlango. Hakuonyesha mtu. Yatima hana wengi wa kuwaonyesha.

Usiku mmoja wa mvua za Desemba umeme ulirudi, taa ikawaka, na kipepeo mkubwa wa usiku akaingia na kutua ukutani. Kijana akapiga foto ya doa la mviringo lililo katika bawa lake. Kesho yake jirani akaazima telefone ile apate mwanga wa kutafuta ufunguo, na kidole chake kikafungua foto bila kukusudia. Kioo kizima kilikuwa jicho. Katikati rangi ya machungwa, kuzunguka weusi, kuzunguka tena weupe, kama jicho la bundi anayekutazama wewe tu. Foto iliyofuata ilikuwa uso: macho manne kwa mstari mmoja, mawili makubwa katikati, na chini yake nywele nyingi.

Juma hilo hilo mtoto mchanga wa lupango lile alikuwa na homa ya siku ya tatu. Mnajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mmoja alisema, "Hayo ni macho ya wale anaotembea nao usiku." Wa pili alikumbuka kwamba kijana huyu haongei sana. Wa tatu alikumbuka jinsi mama yake alivyokufa. Kabla ya jua kuzama foto ya jicho ilikuwa imekwisha kupita katika telefone nyingi, pamoja na sauti inayosema kwamba mlozi amekamatwa katika mtaa wetu. Sisi mashemasi tukaitwa tuje kumwombea kijana na kumfungua.

Tunakiri mbele ya wasomaji. Tulipoonyeshwa foto ile, mmoja wetu alirudi nyuma hatua mbili na kuita damu ya Yesu. Aliyefanya hivyo ndiye anayeandika mistari hii. Hatukumwuliza kijana neno lolote. Tulikuwa tayari tumeanza kupanga siku za kufunga.

Kati yetu alikuwapo mzee mmoja ambaye kazi yake ni kushona nguo, na tangu ujana wake anatembea na kamba ya kupimia shingoni. Yeye alishika telefone, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akasema: "Mwanangu, kitu hiki kilikuwa kikubwa namna gani?"

Kijana akajibu, "Kama ukucha wangu, Papa."

"Kiko wapi?"

"Bado yuko nyuma ya mlango. Hajaondoka tangu juzi."

Tukaenda nyuma ya mlango. Kipepeo alikuwa pale, ametandaza mabawa, mwenye manyoya kama mtu aliyevaa koti la baridi. Mzee akaomba kijiti cha kiberiti, akakishika ukutani kando ya lile doa, akamwambia kijana apige foto tena. Katika foto hiyo ya pili kila mtu aliona kichwa cha kijiti, kile chekundu, kikiwa karibu na jicho. Vichwa vitatu vya kiberiti vingetosha kulifunika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Watu kadhaa walicheka. Wengine hawakucheka, na tunafikiri hao ndio walioelewa zaidi.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwaza juu ya kijiti kile. Foto ya kwanza haikusema uongo. Kila rangi iliyoonekana ilikuwamo kweli katika bawa. Hata hivyo ilitudanganya, kwa sababu ilitupa umbo bila kipimo. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 25, inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo. Tumezoea kuhubiri maneno hayo kwa akina mama wanaouza unga na makala sokoni. Hatujawahi kuyahubiri kwa mwenye telefone. Lakini anayekuza kitu na kuficha ukubwa wake anafanya kazi ile ile ya mwenye jiwe la uongo, hata kama hakukusudia. Kijana hakukusudia, maana hakumtumia mtu yeyote foto ile. Waliotuma ni sisi wakubwa.

Tuliuliza kwa wanaojua kazi hii ya kupiga foto za vitu vidogo, tukasoma pia, na tumejifunza mambo yanayofaa kusemwa hapa. La kwanza ni kwamba mtu akisogea karibu sana, sehemu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba kama karatasi, pengine haifiki milimita moja. Macho ya buibui yakionekana wazi, miguu yake inakuwa ukungu. Ndiyo sababu mafundi wa kazi hiyo hawaridhiki na foto moja. Wanapiga nyingi, kila moja ikisogea mbele kidogo, kisha wanaziunganisha. Mwingereza Levon Biss alionyesha foto zake za wadudu katika jumba la makumbusho la viumbe la Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2016, na foto moja ya mdudu mmoja ilikuwa imeunganishwa kutoka foto kama 8,000. Fikirini. Fundi yule alitazama mara 8,000 kabla ya kusema, "Mdudu huyu yuko hivi." Sisi tulitazama mara moja, usiku, mkono unatetemeka, tukampa mtoto wa watu jina la mlozi.

Na jina si kitu kidogo. Katika Mwanzo sura ya 2 Mungu aliwaleta wanyama na ndege mbele ya Adamu ili aone atawaitaje. Waliletwa kwanza, kisha wakapewa jina. Sisi tulifuata njia ya kinyume.

Sasa tuseme juu ya yule kipepeo, kwa maana hapa kuna jambo linalotuaibisha kidogo. Vipepeo hao wakubwa wa usiku wenye macho katika mabawa ni wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Saturniidae. Doa lile ni silaha ya mnyonge: ndege anayetaka kumla akiona jicho kubwa ghafula anashtuka, na kipepeo anapata nafasi ya kukimbia. Kipepeo mwenyewe hana kinywa cha kulia. Anaishi siku chache kwa nguvu alizoziweka alipokuwa kiwavi, anatafuta mwenzake, jike anataga mayai, basi, maisha yake yamekwisha. Na watoto wake ni nani? Viwavi wengi wanaookotwa porini, wanaokaushwa, na ambao sisi sote tunawanunua kwa kopo sokoni na kuwala kwa bukari tukimshukuru Mungu, ni watoto wa vipepeo wa jamii hiyo hiyo. Mama tulimwita mchawi, watoto tumewaweka katika sufuria.

Wale wa foto ya pili, buibui warukaji, tunao katika nyumba zetu zote zenye dirisha la jua. Ni wadogo, mwili wao kwa kawaida haufiki sentimita moja na nusu. Hawajengi utando wa kunasa; wanawinda kama paka. Wana macho manane. Mawili makubwa ya mbele yanaona umbo la kitu, na yale mengine yanaona kitu kinachosogea pembeni na nyuma. Ndiyo sababu ukimkaribia anageuka na kukutazama usoni, jambo ambalo inzi na mende hawafanyi, na ndilo linalotutia hofu. Kabla ya kuruka anafunga uzi wake pale aliposimama, ili akikosa asianguke hadi chini. Kule kando ya Ziwa Victoria, katika Kenya na Uganda, yuko mmoja aliyepewa jina na wataalamu mwaka 2003, Evarcha culicivora. Yeye hapendi mawindo mengine kama anavyopenda mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na zaidi yule mbu wa aina ya anofeli anayeleta malaria. Anakaa katika kuta za nyumba za watu akiwinda adui wa watu, na watu wanampiga kwa kandambili. Hatusemi kwamba buibui watatuondolea malaria. Mtoto alale ndani ya chandarua.

Tumetaja malaria, na hapa ndipo ilipo haki ya yule kijana. Mtoto mchanga alipelekwa kituo cha afya kesho yake asubuhi, damu ikapimwa, ikaonekana malaria, akapewa dawa, na leo anatambaa. Nchi yetu ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Zamani wazungu walifikiri kwamba ugonjwa huo unatoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na jina lenyewe katika Kiitaliano maana yake ni hewa mbaya. Tarehe 20 Agosti 1897, huko India, daktari Ronald Ross alipasua tumbo la mbu, akalitazama katika hadubini, akaona humo mdudu wa malaria. Siku ile hatia ya homa iliondoka katika hewa ikakaa mahali pake. Katika nyumba zetu hatia hiyo bado haijafika kwa mbu. Inasimama njiani, kwa bibi mzee asiye na meno, kwa mjane, kwa yatima asiyeongea sana.

Kuna ndugu watakaotuambia: "Ninyi mashemasi, mnataka kusema kwamba ulozi haupo?" Hatusemi hivyo. Kanisa letu linajua mambo ya giza na linapigana nayo. Nabii Simon Kimbangu alipoanza kazi yake ya kuponya wagonjwa huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, watu walitupa hirizi zao njiani. Lakini tukumbuke pia yaliyompata yeye mwenyewe. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule mahakama ya kijeshi huko Thysville ilimhukumu kufa, na hakuwa na wakili hata mmoja wa kumtetea. Mfalme wa Wabelgiji akabadili hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu, Elisabethville ya siku zile, akakaa gerezani hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Na kosa lake lilikuwa nini? Waliomhukumu waliona makutano kwa mbali, wakaogopa, wakakuza. Nikodemo, katika Yohana sura ya 7, aliwauliza wakubwa wenzake kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Kanisa linalomheshimu nabii aliyehukumiwa namna ile litawezaje kuketi katika lupango na kumhukumu mtoto kwa foto?

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya ulinzi wa mtoto, inaadhibu kwa kifungo mtu anayemsingizia mtoto ulozi. Tunaiandika hapa kwa sababu tulipowauliza waamini wa seksheni yetu, wengi hawakuijua. Na tuseme kweli, kati yetu mashemasi pia alikuwapo asiyeijua.

Wengine wamepinga kwa njia nyingine. Wanasema mkristo asipoteze wakati kutazama vidudu. Lakini Sulemani, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, anasifiwa kwamba alinena hata juu ya viumbe vitambaavyo, na Ayubu anatutuma tukawaulize wanyama watufundishe. Katika Mithali 30 kuna mambo manne madogo yenye akili, na la nne linakaa katika majumba ya wafalme. Biblia yetu ya Kiswahili na ile ya Kifaransa ya Segond zinamwita mjusi. Ile ya kale ya Waingereza, ya mwaka 1611, inamwita buibui. Wasomi wa Kiebrania waendelee kushindana. Sisi tunaona kwamba wote wawili wanakaa katika kuta zetu, na mwenye hekima aliwahesabu.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba ukitazama karibu utaona uzuri tu. Kijana alituonyesha foto za yule nyigu wa udongo juu ya mlango. Kijumba kimoja kilikuwa kimebomoka, na ndani yake mlikuwa buibui wamepangwa kama samaki katika kopo. Hawakuwa wamekufa. Nyigu anawachoma, wanalegea, wanabaki hai bila kusogea, ili mtoto wa nyigu atakapozaliwa ale nyama isiyooza. Mmoja wetu aliuliza, "Na huyu naye Mungu alimfanya?" Mwingereza Charles Darwin aliandika mwaka 1860 katika barua kwa rafiki yake Asa Gray juu ya nyigu wengine wanaokula viwavi walio hai kutoka ndani, na akasema kwamba jambo hilo lilimzuia kuamini kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi hayo. Sisi tunaamini, lakini hatukupata jibu la kumpa ndugu yetu jioni ile. Tuliwatazama buibui wale kwa muda mrefu. Afadhali kukaa na swali la kweli kuliko kumkimbilia mtoto wa jirani awe jibu.

Neno moja pia kwa vijana ambao, tangu habari hii, wamependa kazi ya foto. Tumesikia kwamba baadhi ya wapiga foto wanamweka mdudu katika friji apoe asikimbie, na wengine wanamwua ili atulie. Wanafanya hivyo hata wasiohitaji, kwa ajili ya sifa tu. Huyu kijana wetu hafanyi hivyo. Anaamka mapema, wakati wa baridi ya alfajiri, kabla mwili wa mdudu haujapata joto, akampata ametulia mwenyewe. Tulimwuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, aliona tu.

Amerudi kulala ndani. Mama yake mdogo alilia mbele yetu, nasi tulimwomba kijana msamaha kwa sauti, watu wote wa lupango wakisikia, maana kosa letu nalo lilifanyika mbele ya watu. Alitikisa kichwa. Haongei sana, kama tulivyosema.

Limebaki jambo moja. Foto ya kwanza, ile ya jicho bila kijiti, bado inazunguka katika telefone pamoja na ile sauti. Imefika hadi Likasi, na ndugu mmoja aliiona kwa jamaa zake Kolwezi. Foto ya pili haikusafiri. Kwa hiyo tunawaomba waamini wote walioipokea ile ya kwanza wamtafute aliyewatumia, na wampelekee hii yenye kijiti. Wasio nayo waje Jumapili baada ya ibada, kwenye mlango wa upande wa kushoto. Mzee wetu fundi wa nguo atakuwapo, na kijana atakuwapo na telefone yake.